Kabla binti hajarudi bweni: mambo ya kuzingatia kuhusu maumivu ya hedhi

Muhula wa shule hapa Uganda ni kama miezi mitatu, yaani hedhi tatu hivi ambazo mama hatakuwapo kuziona. Kabla hujafunga sanduku lenye sabuni, sukari na rimu ya karatasi, mkalishe binti umuulize siku zake zinakwendaje. Akijibu "kawaida tu," endelea kuuliza.

Tumbo la hedhi la kawaida hukaza siku ya kwanza na ya pili, kisha likapoa. Husababishwa na prostaglandini, kemikali zinazoufanya mfuko wa uzazi ujibane. Ibuprofen hupunguza kemikali hizo, kwa hiyo imezwe mapema, baada ya kula, maumivu yanapoanza tu, asisubiri mpaka ajikunje sakafuni. Mwenye pumu au vidonda vya tumbo amwone mhudumu wa afya kwanza. Mkabidhi nesi wa shule dawa hiyo mkononi pamoja na barua fupi, maana ikikutwa sandukuni itanyang'anywa.

Kitu cha lazima kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni daftari dogo la kuandikia maumivu ya kila siku. Mpwa wangu alipimwa malaria muhula mzima, akamezeshwa na dawa za mkojo. Likizo akaja na ukurasa mmoja: "Jumatatu 8 juu ya 10, nimetapika, nimekosa hesabu. Jumanne 9, nikienda choo kikubwa nalia. Jumamosi damu imeisha, bado 5." Daktari alisoma mara mbili, akaweka kalamu chini na kuanza kuuliza maswali.

Alichokuwa akikitafuta ni endometriosisi: tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake, kwenye ovari au hata kwenye utumbo, zikaleta uvimbe na makovu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa. Kama mama au dada anayo, litaje hilo mapema. Na altrasaundi ikitoka safi msishangilie, kwani madoa ya mwanzo mara nyingi hayaonekani humo.

Jiandae pia kusikia vidonge vya homoni vikitajwa, vile vile vya uzazi wa mpango. Hapo ndipo wazazi wengi huruka, na ssenga (shangazi) atasema akizaa maumivu yataisha. Hayaishi hivyo. Dawa zikishindwa baada ya miezi mitatu hadi sita, omba rufaa kwa daktari bingwa wa wanawake.

Anayeumwa kila mwezi ilhali damu haijawahi kutoka naye apimwe, huenda njia imeziba. Maumivu ya ghafla ya upande mmoja, homa au kuzimia hayangoji siku ya wazazi. Mwambie nesi akupigie usiku huo huo.