Kuhamisha Tangi la Petroli Kwenye Gari la Kugonganishwa

Katika mchezo wa kugonganisha magari, ambao madereva hugongana makusudi mpaka libaki gari moja linalotembea, dereva mjuzi hagongi kwa pua ya gari, maana rejeta ikitoboka injini huchemka na mchezo wake umekwisha. Badala yake hurudi kinyumenyume kwa kasi na kuwapiga wenzake kwa buti. Sasa inama uchungulie chini ya Nissan B12 au Corolla nyingi za zamani, na utaona kwamba tangi la petroli linaning'inia huko huko nyuma, chini ya sakafu, nalo limetengenezwa kwa bati jembamba. Anayeingia uwanjani bila kulihamisha anapigana kwa tangi.

Mchezo huu ulikolea Marekani, ambako tangu miaka ya 1950 umekuwa ukichezwa katika maonyesho ya kilimo ya kaunti, maonyesho ya namna ile tuliyokuwa tukiyaendea Mamboleo. Mimi ni fundi wa magari hapa Kibuye, Kisumu, na sikuwahi kuufikiria mpaka ndugu wawili wa Muhoroni waliponiletea B12 iliyokwisha bodi, wakitaka kuigonganisha na magari mengine mabovu katika kipande cha shamba lao kilichokuwa kimepumzishwa miwa. Niliyoyaandika hapa ndiyo niliyoyafanya kwenye gari lile, pamoja na mawili matatu niliyoyakosea kwanza. Ukiwa unaliandaa gari kwa mashindano yenye waandalizi, tafuta kanuni zao kabla ya kukata chuma chochote, kwa sababu kila mwandalizi ana masharti yake kuhusu ukubwa na mahali pa tangi.

Hatua ya kwanza: chagua gari la kabureta

Ukiwa na hiari, chagua gari la kabureta lenye pampu ya petroli inayoendeshwa na injini yenyewe. Pampu hiyo husukuma petroli kwa shinikizo dogo, takriban psi 3 hadi 6 (paundi kwa inchi ya mraba), na injini ikizimika nayo husimama papo hapo bila swichi, bila rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na bila mtu kukumbuka chochote. Gari la injekta hufanya kazi kwa takriban psi 40, na pampu yake ni ya umeme. Mpira wa petroli wa gari la kabureta ukichanika hudondosha. Wa injekta hunyunyiza, na petroli iliyonyunyizwa juu ya ekzosi ya moto haina subira.

Kama gari ulilonalo ni la injekta, tumia mipira na klipu zilizotengenezwa kwa shinikizo hilo, hakikisha petroli ya ziada ina njia ya kurudi tangini iwapo gari lako ni la mfumo huo, na usithubutu kuiunganisha pampu moja kwa moja na betri. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina rilei inayokata umeme wa pampu mara injini inapoacha kuzunguka. Nimekuta magari mengi ambayo mafundi wameiruka rilei hiyo kwa waya mmoja ili "gari liwake vizuri". Barabarani hilo ni uzembe. Katika uwanja wa kugonganisha ni kumfungia dereva ndani pamoja na bomba lililo wazi.

Hatua ya pili: ondoa tangi la zamani

Sukuma gari hadi mahali pa wazi, mbali na jiko la mama wa chai na mbali na mtu yeyote anayechomelea au kusaga chuma. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupandi ukapotea bali hutambaa chini na kujikusanya mabondeni. Ndiyo sababu kazi hii haifanyiki juu ya shimo la fundi, hata kama kulala chali kwenye mchanga kunakuumiza mgongo.

Fungua waya wa hasi wa betri kwanza. Toa petroli kwa pampu ya mkono, si kwa kufyonza kwa mdomo, kwa maana petroli ikiteleza kuingia mapafuni ni hospitali, na uiweke katika jerikeni la chuma lenye kifuniko. Kisha tenga mipira, weka jeki ya kubeba tangi, na ulegeze bolti. Kwenye B12 ile bolti mbili zilikuwa zimeshikwa na kutu kiasi kwamba spana iliteleza. Nilizinyunyizia mafuta ya kulegeza, nikasubiri usiku kucha, na asubuhi nikazikata kwa msumeno wa mkono huku msaidizi akimwaga maji juu ya mkato. Grinda ingemaliza kazi hiyo kwa nusu dakika, lakini cheche zake zingeangukia juu ya tangi.

Tangi hilo usilichomelee kamwe, wala usikubali mtu akuambie kwamba halina kitu. Tangi lililojaa lina petroli; tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Lijaze maji hadi shingoni kabla ya kumpa mnunuzi wa vyuma chakavu, na umweleze lilikuwa la nini.

Hatua ya tatu: tangi jipya

Wamarekani wengi hutumia tangi la boti, na hapa Kisumu hilo halina ugumu wa kupatikana, kwa kuwa wavuvi wa Dunga wanayo ya lita 24 kwa ajili ya injini zao. Mimi sikulitaka. Mengi ni ya plastiki, parafujo ya hewa iliyo juu ya kifuniko huvuja gari likilala ubavu, na kiunganishi chake cha kuchomeka hutoka kwa kuvutwa kidogo, jambo ambalo ziwani ni faida. Waandalizi wengine huyaruhusu yakifungiwa ndani ya sanduku la chuma.

Nilimpa fundi bati wa jua kali bamba jipya la milimita 2, ambalo halijawahi kuonja petroli, akanitengenezea sanduku la urefu wa sentimita 30, upana 20 na kimo 20, yaani lita 12. Hizo ni nyingi kuliko unavyodhani. Injini ya 1300 cc ikikanyagwa mpaka mwisho bila kupumzika haitakunywa zaidi ya lita 20 hadi 25 kwa saa, kwa hiyo raundi ya dakika 20 haiwezi kumaliza lita 10, na hizo ndizo tunazotia, tukiacha nafasi ya petroli kutanuka kwa joto. Ndani aliweka bamba la kugawanya lenye matundu, ili petroli isirushwe upande mmoja kila gari linapogongwa.

Matundu yote yawe juu ya tangi. Hakuna hata moja chini wala ubavuni. Paipu ya kutolea petroli hushuka kutoka juu, katikati ya tangi, na kuishia sentimita moja kabla ya kufika chini, hivyo mpira ukikatika hapo juu ya tangi petroli haimwagiki kwa uzito wake tu. Tundu la pili ni la petroli inayorudi, kama pampu yako ina njia ya kurudisha. Usilizibe, kwa sababu mchana wa Kisumu, injini ikiwa imepata moto, petroli iliyosimama kwenye paipu hugeuka mvuke na gari huzima katikati ya uwanja, ilhali inayozunguka hubaki baridi kiasi. Tundu la tatu ni la hewa, nalo liwe na vali ya kuzuia mafuta gari linapopinduka. Niliipata kwenye gari lililokuwa likikatwa vipuri.

Lijaribu tangi kama unavyojaribu mpira wa baiskeli: ziba matundu, lizamishe ndani ya nusu pipa la maji, na utie upepo kidogo kwa pampu ya baiskeli. Usizidishe, kwa kuwa pande bapa hufura upesi. La kwangu lilitoa uzi mwembamba wa mapovu kwenye kona moja, uzi ambao jicho lisingeuona pakavu. Baada ya kuichomelea tena kona hiyo, lijaze maji, lilaze ubavu kisha kichwa chini, na utazame kama ile vali inazuia maji. Mwishowe likaushe juani mpaka liwe kavu kabisa, kwa sababu tone la maji ndani ya kabureta litakusumbua siku nzima.

Hatua ya nne: kulifunga

Toa kiti cha nyuma. Tangi hukaa katikati ya sakafu, nyuma ya viti vya mbele, mbali kwa usawa na milango yote miwili ya nyuma, na nyuma yake uache angalau sentimita 10 kabla ya bamba la kutenga buti, kwa kuwa buti likikunjwa bamba hilo husogea mbele. Michoro mingi utakayoiona ni ya magari yenye usukani kushoto. Ukiifuata ilivyo utapitisha paipu za petroli kando ya miguu ya dereva wetu.

Fungia kwa mikanda miwili ya chuma bapa ya sentimita 3, yenye ngozi ya mpira chini yake, na bolti nne za milimita 10 zinazopenya sakafu. Chini ya sakafu, kila bolti ipate kipande cha bamba cha sentimita 8 kwa 8, maana wosha ndogo itang'oka pamoja na kutu kwenye mgongano wa kwanza. Mipira ile ya kufungia mizigo kwenye boda boda haina kazi hapa, wala waya, wala kamba. Ukimaliza, shika tangi kwa mikono miwili ulitikise kwa nguvu zako zote: likisogea peke yake, anza upya, gari zima likitikisika nalo, umefunga. Kisha simamisha bamba la chuma kati ya tangi na mgongo wa dereva.

Hatua ya tano: paipu na mipira

Sehemu kubwa ya njia iwe paipu ya chuma ya milimita 8, iliyobanwa kila sentimita 30 kando ya tuta la katikati ya sakafu. Usiipitishe kando ya milango, kwa kuwa huko ndiko magari mengine yatakakoingia. Mpira hutumika katika ncha mbili tu, kwenye tangi na kwenye pampu, na uwe na ulegevu kidogo ili injini ikihama kwenye viti vyake isiuvute ukachomoka.

Hapa nilikosea mara mbili. Mara ya kwanza nilitoboa bati linalotenga injini na chumba cha dereva, nikapitisha mpira bila kuweka raba ya kulinda tundu. Baada ya nusu saa ya kuungurumisha injini niliisikia harufu, na nilipoupinda mpira nikaona ukingo wa bati umeuchora alama nyeupe kama ya wembe. Mara ya pili niliuziwa mpira "wa petroli" ambao kumbe ulikuwa wa maji. Tangu hapo hukata kipande cha urefu wa kidole, hukitumbukiza katika chupa ya petroli usiku mmoja, na asubuhi hukibinya: kikiwa kimevimba au kinateleza kama utumbo, sikifungi.

Filta iwe ya chuma, si ile ya plastiki inayong'aa, nayo ikae mbali na ekzosi. Klipu ziwe za kubana mviringo wote bila meno yanayokata mpira.

Iwapo umelazimika kutumia pampu ya umeme, iwekee fyuzi yake na swichi mbili: moja inayofuata shinikizo la oili ya injini, ili injini ikifa pampu ife, na nyingine ya mkono, mahali ambapo dereva aliyefungwa mkanda na mzimamoto aliyesimama nje wanaweza kuifikia. Ipake rangi nyekundu. Betri nayo ihamishwe hadi sakafuni upande wa abiria wa mbele, ifungwe kwa chuma, na ifunikwe kwa mpira.

Hatua ya sita: kuwasha

Tia lita 2 tu. Mtu mmoja asimame na mtungi wa poda kavu wa kuzima moto, ukiwa mkononi na pini tayari kuvutwa, si ukiwa umeegemezwa ukutani. Washa, acha injini ifikie joto lake la kawaida, kisha pitisha kitambaa kikavu cheupe kwenye kila kiungo. Kitambaa huonyesha unyevu ambao vidole vyenye grisi haviuhisi. Zima, mtikise gari watu wanne, washa tena, upitishe kitambaa mara ya pili. Baada ya hapo gari hili si la barabara tena. B12 yetu ilikwenda Muhoroni juu ya lori, tangi likiwa tupu, na petroli tuliitia shambani kwa faneli dakika chache kabla ya mchezo, injini ikiwa baridi na dereva akiwa nje ya gari.

Raundi ikiisha, subiri injini ipoe ndipo utoe petroli iliyobaki, kabla ya watu kuanza kupiga picha juu ya boneti. Katika lita 10 tulizotia tulipata sita na ushee, ambazo wale ndugu walizichuja kwa kitambaa na kuzitia kwenye pampu yao ya kunyunyizia mboga maji.