Unataka kazi ya serikali Ayalandi? Anza Kiayalandi ukiwa hapa hapa Mwanza

Naandika kwa wale ambao mume, mke au mzazi yuko kule na karatasi za kuhamia ziko njiani. Kama huna njia hiyo usianzie kwenye lugha, maana kazi nyingi za umma kule zinataka uraia wa nchi za Ulaya zinazokubalika au kibali cha ukaazi kama Stamp 4, na hata ukiongea kama mzaliwa bila hicho fomu yako haisogei.

Sasa wengi wakishasikia Kiingereza kinatosha wanakipita Kiayalandi, lugha ya asili ya kule, na mimi naona wanajinyima. Ni kweli kwa kazi nyingi sio lazima, sharti lile la zamani la kuingia utumishi lilifutwa 1974. Ila sheria ya 2021 imeweka lengo kwamba mpaka mwisho wa 2030 angalau asilimia 20 ya waajiriwa wapya wa utumishi wa umma wawe wanakijua. Kuna maeneo yanaitwa Gaeltacht, huko Galway, Donegal, Kerry na kwingine, watu wanaongea Kiayalandi nyumbani. Bibi wa Kwimba akifika dirisha la hospitali akasalimiwa kwa Kisukuma "mwangaluka" si unaona anavyofunguka kueleza ugonjwa wake? Nao wanataka hivyohivyo.

Anza na masikio, tafadhali, kabla ya kushika kitabu, kwa sababu maandishi yake yatakuchanganya, wanaandika "bhí" wanasoma "vii". Ingia teanglann.ie, ukibofya neno unasikia linavyotamkwa kwa lahaja tatu, Ulster, Connacht na Munster, chagua moja (ya kule unakohamia ndo bora) na usirukeruke. Ukiwa na bando weka Raidió na Gaeltachta, redio yao ya Kiayalandi, ukiwa kwenye daladala ya Buhongwa, hata kama mwanzoni huambulii kitu.

Kinachowatesa wageni wengi ni mwanzo wa neno kubadilika: paka ni "cat", paka wangu "mo chat", paka wetu "ár gcat". Sisi tumekulia kwenye mtoto, watoto, kitoto, kwahiyo usiogope, tena jifunze pamoja na neno linalolitangulia moja kwa moja, usikariri "cat" peke yake. Kitenzi nacho kinakaa mwanzo wa sentensi, hilo utalizoea tu.

Cheti kinachojulikana ni TEG cha Chuo Kikuu cha Maynooth, kina ngazi kuanzia A1 ya chini kabisa mpaka C1 ya juu. Kwa kazi ya ofisini mimi ningelenga B2, ngazi moja chini ya C1.

Kuomba, fungua akaunti publicjobs.ie na usome tangazo lote, maana kuna nafasi wanatenga orodha ya peke yake kwa wanaofanya kazi kwa lugha zote mbili. Usijaze ngazi usiyokuwa nayo, kwenye usaili watakuongelesha. Na usiishie "jina langu ni fulani natoka Nyamagana", jizoeze kumweleza mteja aliyekasirika kwanini fomu yake imerudishwa na afanye nini, yaani uongee kwa sauti ndugu yako akijifanya ndo huyo mteja.

Halafu angalia saa ya mwisho ya kutuma. Ni saa ya kwao, wako nyuma yetu masaa 3 kipindi chao cha baridi na 2 kiangazi chao.