Jinsi ya kutoa rangi, chaki na uchafu wa wapandaji kwenye jabali bila kuliharibu zaidi (nimejifunza kwa kuharibu)

Wiki mbili zilizopita dogo mmoja wa kikundi chetu hapa Moshi kanipigia simu usiku, anahema kabisa, "kaka kuna watu wamekuja kupanda wikiendi wamepiga mishale ya rangi nyekundu kwenye jabali kuonyesha njia, kesho nanunua thina naenda kufuta." Nikamwambia tulia hapohapo, usinunue kitu, nakuja. Ile kazi tumeimaliza karibu yote juzi na wadau wengine wameanza kuniuliza tumefanyaje, kwa hiyo naandika mara moja yaishe.

Jabali lenyewe silitaji jina. Likitajwa tu Jumamosi linajaa magodoro ya kuangukia na spika za bluetooth. Na jambo moja kabla hatujaanza: haya yote ni kwa mawe ya huku chini, ya vijijini. Ukikuta mtu kachora jina lake Barranco au Lava Tower kule juu Kilimanjaro, hiyo ni ndani ya hifadhi, piga picha umpelekee askari wa KINAPA (wasimamizi wa hifadhi ya Kilimanjaro) basi, usiende na brashi yako.

Hatua ya 1: Ruhusa

Watu wanaruka hii. Jabali linaonekana kama halina mwenyewe lakini kwa Wachaga hakuna kitu kisicho na mwenyewe, pale chini pa mwamba ni kihamba (shamba la nyumbani) cha mtu, migomba ya mtu, na mara nyingine wazee walikuwa wanafanyia matambiko hapohapo unapofungia viatu. Sisi tulienda kwa mwenyekiti wa kijiji, halafu kwa mama mwenye shamba. Yule mama alikuwa na hasira na sisi na alikuwa na haki, wapandaji walikuwa wamepita katikati ya maharage yake msimu mzima. Nikamwambia dogo usianze kujieleza, tafuta jani la masale. Tukampelekea, shikamoo mama, tumekuja kuomba radhi. Akatuangalia weee, kisha akacheka, akasema "nyie watoto mmefundishwa na nani." Baada ya hapo maji ya kusafishia tulichota kwake bure. Kama we sio wa huku na hujui masale, ni ule mmea wa majani marefu unaoona mipakani mwa vihamba na makaburini, ukiletewa umeombwa msamaha, na kukataa sio rahisi.

Hatua ya 2: Piga picha kila kitu kabla hujagusa.

Hatua ya 3: Takataka

Okota. Sina la kufundisha hapo. Ila chukueni tabia ya mlimani, kule taka zinapimwa kwenye mizani, umepanda na mzigo unashuka na taka zako, na mgumu (mpagazi) anayebeba kilo 20 kwenda kambi ya Barafu haoni shida kushuka na kiroba cha makopo. Sasa mtu kaja na boda mpaka chini ya jabali anashindwaje kurudi na chupa mbili za maji? Tulinunua kamizani kale ka kuning'iniza, tunapima wakati wa kuondoka, na tangu tumeanza kupima watu wanashindana.

Kinyesi: kama ardhi ina udongo chimba shimo kina cha kiganja na kidole juu, mbali na maji kama hatua sabini, fukia. Toileti pepa usifukie, kuku na mbwa wanafukua, rudi nayo kwenye mfuko. Chini ya jabali kwenye mawe matupu hakuna shimo, kwa hiyo ukibanwa nenda nyumba ya jirani ukaombe choo, hutakufa.

Hatua ya 4: Chaki

Chaki ya kupandia, ule unga mweupe wapandaji wanaopaka mikononi wasiteleze, ni magnesiamu kaboneti, haiyeyuki kwenye maji kirahisi, ndo maana mvua inanyesha masika nzima na sehemu zilizoinama bado zina alama nyeupe za mikono kama ukuta wa shule ya chekechea. Kosa la kila mtu ni kuja na ndoo na kumwagia. Ukimwagia maji kwanza inakuwa uji, uji unaingia kwenye vitundu vya jiwe, unakauka humo. Anza kavu. Brashi laini ya nailoni au mswaki wa zamani, toka juu kwenda chini, na mtu wa pili ashike gunia chini kukinga vumbi. Ikishatoka nyingi ndo unafuta na tambara bichi lililokamuliwa. Kuna wanaosema siki, na ni kweli siki inayeyusha chaki, lakini siipendi maana inaenda pia kwenye vilivyo hai juu ya jiwe, na huwezi kuikamata ikishachuruzika.

Hapo kwenye "vilivyo hai" nisimame kidogo. Yale madoa ya kijivu, ya kijani mpauko, mengine ya rangi ya chungwa, sio uchafu! Inaitwa likeni, ni kuvu na mwani wanaishi pamoja, na nyingi zinakua milimita chache tu kwa mwaka. Doa la ukubwa wa kisahani linaweza kuwa na umri mkubwa kuliko wewe. Nimeona kikundi kimekuja "kusafisha" jabali kikasugua likeni yote mpaka jiwe linang'aa, wakapiga selfi. Yaani walioharibu zaidi siku ile ni wasafishaji.

Hatua ya 5: Rangi (soma yote kabla ya kwenda dukani)

Hii ndo imenila. Miaka kadhaa nyuma niliwahi kukuta jina la mtu na moyo, rangi ya kupuliza, nyekundu. Nikabeba lita ya thina na matambara ya mitumba toka soko la Memorial, nikalowanisha, nikasugua. Rangi ikayeyuka vizuri kabisa nikajiona fundi. Dakika mbili baadaye moyo haupo ila kuna wingu la pinki upana wa sinia. Mawe yetu huku ni ya volkano, mengi yana vitundu kama kitumbua, thina inayeyusha rangi halafu tambara linaisukuma ndani, na ikishaingia ndani umeisha. Nikarudi mjini nikachukua brashi ya waya. Masaa manne, bega linalia, pinki ikapungua kweli lakini jiwe likachubuka, likabaki doa jeupe linaloonekana toka barabarani, na nyuzi za chuma zilizokatikia mle ndani zikashika kutu mvua ya kwanza. Leo ukienda utakuta doa la kahawia na jeupe mahali palipokuwa na moyo. Moyo ulikuwa mzuri zaidi.

Kwa hiyo brashi ya waya hapana, msasa hapana, grainda naomba usinitajie, na mashine ya kuoshea magari nayo hapana, inang'oa likeni na udongo wa kwenye nyufa ambamo mimea imeshika.

Kinachofanya kazi ni bandiko. Wazo lake ni kwamba usisukume rangi, ivute. Chukua toileti pepa nyeupe isiyo na maua, ichanechane kwenye ndoo ya chuma au beseni la zamani, mwagia thina kidogo kidogo mpaka iwe kama ugali mlaini, isidondoshe matone. Paka juu ya rangi unene wa sentimita moja hivi, anzia pembeni ingia katikati, usipitilize sana mpaka wa rangi. Funika na nailoni ya ujenzi (ile nzito ya hadiweya, rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019 usiniulize nazitoa wapi), bandika kingo kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Acha. Sisi tuliacha masaa matano. Kisha toa nailoni na HAPA NDO WATU WANAKOSEA, usibandue bandiko. Acha likauke lenyewe juu ya jiwe. Thina inapotoka kwenda hewani inapita kwenye karatasi na inabeba rangi, karatasi inabaki nayo. Ukibandua likiwa bichi umefanya nusu ya kazi na umeacha rangi laini inayosambaa. Likikauka linabanduka kama gamba, upande wa ndani mwekundu, ukiona ule wekundu utafurahi sana. Rudia. Mshale wa kwanza ulitoka kwa mabandiko mawili, wa pili matatu.

Sasa masharti, na ni mengi. Jaribu kwanza mahali pa siri, doa la ukubwa wa sarafu, subiri mpaka kesho uone. Fanya jabali likiwa kivulini, jua likipiga linakauka kabla halijavuta. Msimu wa kiangazi tu. Kama ni rangi ya mafuta ya zamani, ile ya mageti, thina peke yake inaweza isitoshe, inabidi dawa nzito ya kutolea rangi ile inayokaa kama jeli, na hapo soma maandishi ya kwenye kopo, zipo ambazo mvuke wake ni sumu mbaya na mimi hizo sizigusi. Glavu, miwani, na ukae upande upepo unakotoka. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, unateremka na kujikusanya kwenye mashimo, kwa hiyo hakuna sigara, hakuna jiko la kuchemshia chai pale chini, nyasi za mwezi wa nane unazijua. Kamba, mikanda na hanesi (ule mkanda wa kiunoni wa kupandia) zikae mbali kabisa na thina, ikidondokea kamba usijifariji, hiyo kamba ifungie mbuzi. Na kwa sababu hiyohiyo usifanye kazi hii ukiwa unaning'inia. Rangi iliyo juu kuliko ngazi mwachie mwenye ujuzi au iache ipauke na jua.

Makaratasi yaliyovuta rangi yaache yakauke kabisa mahali pa wazi, weka kwenye kopo lenye mfuniko, rudi nayo mjini. Usichome pale, usifukie kwenye shamba la mama wa watu.

Swali ambalo dogo aliniuliza, kwa nini tusipake tu rangi ya kijivu juu? Kwa sababu sasa una rangi mbili.

Hatua ya 6: Mikanda kwenye miti

Kata ile mikanda ya kufungia kamba iliyoachwa na wapandaji, mti unanenepa mkanda haunenepi, baada ya muda unaingia kwenye gome na kuunyonga. Ukitumia mti kama nanga (pa kufungia kamba) weka gunia katikati, tumia mkanda mpana, ondoka nao. Bolti za chuma zilizopigwa kwenye jabali usizing'oe kama hujui aliyeweka na kwa nini.

Hatua ya 7: Njia za mkato

Watu wanne wakikata kona, wa tano anaona ni njia, mvua ya kwanza inaona ni mfereji. Tuliwahi kuweka kibao "USIPITE". Kikaibiwa, nadhani kuna mtu kafungia banda la kuku. Tukaweka miba, watu wakapita pembeni ya miba wakafungua njia ya pili, yaani tukawa na hasara mara mbili. Kinachosaidia ni kuifanya njia halali iwe rahisi zaidi, weka mawe mawili matatu ya kukanyagia pale inapoteleza, halafu mdomo wa ile ya mkato ufunge kwa mawe makubwa na matawi, juu na chini, ulalie mawe kukatisha mteremko ili maji yapunguze mbio na udongo ubaki. Kisha panda masale kwenye mdomo. Ukichomeka kipande kwenye udongo wenye unyevu kinashika, na mwenyeji akiona masale anajua huo ni mpaka, hahitaji kibao. Wageni hawajui, ila wageni wanaongozwa na wenyeji.

Yetu bado hatujapanda, ardhi ni kavu mno sasa hivi, tunangoja vuli. Mshale wa tatu nao umebaki kivuli fulani ukisogea karibu, tutautia bandiko moja zaidi wiki ijayo kisha tuuache. Mwenye masale ya kukata maeneo ya Kibosho au Uru anicheki, nakuja na gunia mwenyewe.