Kuunda upya injini ya Volkswagen Beetle kwa vipuri vya injini tofauti

Injini ya Volkswagen Beetle inayopozwa kwa hewa huvumilia kuchanganyiwa vipuri kuliko injini nyingi za rika lake, na ndiyo maana fundi wa magari ya zamani hujikuta na kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) ya gari moja, silinda za jingine na hedi (vifuniko vya silinda vyenye valvu) zisizojulikana zilikotoka. Hata hivyo, kipuri kuingia mahali pake hakuthibitishi kwamba kinafaa, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ninayoieleza hapa ni kupima. Mwongozo huu unahusu injini za 1300, 1500 na 1600 (namba hizi ni ujazo wa injini kwa sentimita za ujazo), ambazo zote zina mwendo wa pistoni wa milimita 69. Ile ya 1200 ina mwendo wa milimita 64, hivyo iweke kando.

Hatua ya 1: Bloku

Bloku, yaani mwili wa injini hii, ni nusu mbili zilizotobolewa matundu ya beringi zikiwa zimefungwa pamoja. Nusu ya kushoto ya injini moja na nusu ya kulia ya nyingine haziwezi kuwa bloku, hata nyuso zake zikikutana bila mwanya, kwa sababu matundu hayatakuwa kwenye mstari mmoja. Hapa ndipo uchanganyaji unapokoma. Kagua namba ya jozi iliyogongwa kwenye nusu zote mbili karibu na mpaka wake, na zikitofautiana usiendelee nazo.

Ukishapata jozi halali, ifunge ikiwa tupu, kaza nati kubwa kwa Nm 34, kisha pima matundu ya beringi namba 1, 2 na 3, ambayo kipimo chake cha kiwandani ni milimita 65. Pima kila tundu kwa wima na kwa ulalo. Tundu namba 2, lililo katikati, mara nyingi ndilo la kwanza kupanuka na kuwa na umbo la yai.

Hatua ya 2: Kranki, beringi na konrodi

Shingo za kranki zinazokaa kwenye beringi tatu za kwanza ni milimita 55, na ile ya nne ni milimita 40. Kranki iliyowahi kusagwa itakuwa imepungua kwa milimita 0.25, 0.50 au 0.75. Zingatia kwamba beringi ina vipimo viwili visivyotegemeana: cha nje hufuata bloku, cha ndani hufuata kranki. Bloku iliyotobolewa upya pamoja na kranki ya kiwandani huhitaji beringi nene kwa nje lakini ya kawaida kwa ndani, na anayesoma tu namba iliyo mgongoni mwa beringi ya zamani ataagiza isiyofaa, kwa kuwa beringi ile ilikuwa ya ndoa nyingine.

Konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na kranki) zilizotoka injini tofauti zipimwe kwa mizani. Tofauti kati ya nzito na nyepesi isizidi gramu 10, na kila kifuniko kibaki na konrodi yake yenye namba ileile.

Unapolaza kranki, hakikisha kila beringi imekaa juu ya pini yake. Zungusha kranki kwa mkono kila unapokamilisha jambo moja: ikigoma baada ya bloku kukazwa, fungua utafute sababu, wala usitumaini kwamba italegea yenyewe.

Hatua ya 3: Kamshafti na pampu ya oili

Kamshafti ni shafti yenye nundu zinazosukuma tapeti ili valvu zifunguke, na tapeti iliyotumika imezoea nundu moja tu. Kwa kuwa katika vipuri vya kuchanganya huwezi kujua tapeti ipi ilikuwa ya nundu ipi, nunua seti mpya. Hiki ni kipuri ambacho sikubali kukibania. Alama ya nukta kwenye gia ya kamshafti ikae katikati ya nukta mbili za gia ya kranki.

Gia za kamshafti za zamani ni bapa na zina ribiti tatu, ilhali za baadaye zimebonyea katikati na zina ribiti nne, na kila aina ina pampu yake. Niliwahi kufunga bloku nzima kabla ya kulijaribu hilo, nikaikuta pampu inagusana na ribiti, na ikanilazimu kufungua kila kitu. Tangu hapo huweka pampu mahali pake bloku ikiwa bado wazi, kisha huzungusha kranki mizunguko miwili kamili, ambayo ni mzunguko mmoja wa kamshafti.

Hatua ya 4: Flaiwili

Flaiwili (gurudumu zito lililo mwishoni mwa kranki) za volti 6 zina meno 109, na za volti 12 zina meno 130, hivyo chagua inayolingana na stata yako. Tumia washa (pete nyembamba za chuma) tatu kurekebisha mchezo wa kranki wa mbele na nyuma hadi uwe kati ya milimita 0.07 na 0.13.

Hatua ya 5: Silinda na hedi

Silinda za 1500 zenye kipenyo cha milimita 83 na za 1600 zenye milimita 85.5 huingia kwenye hedi zilezile. Mwanya wa ringi za kompresheni uwe milimita 0.30 hadi 0.45.

Usifunge hedi kabla ya kupima ujazo wa vyumba vya mlipuko kwa bomba la sindano na oili nyepesi. Silinda moja ya 1600 hubeba takriban sentimita za ujazo 396. Ikiwa chumba kina 50, na pistoni bapa inaishia milimita 1.5 chini ya ukingo wa silinda, nafasi hiyo huongeza takriban 8.6, na kompresheni (uwiano wa kubanwa kwa mchanganyiko wa hewa na petroli) huwa karibu 7.8 kwa 1. Hedi iliyokwanguliwa hadi chumba kikabaki na 44 hupandisha kompresheni hadi 8.5. Ukifunga hedi hizo mbili kwenye injini moja, upande mmoja utafanya kazi kwa joto na nguvu zaidi ya mwingine. Vyumba vyote vinne vilinganishwe.

Kaza nati za hedi kwa Nm 32 kwa studi za milimita 10, na Nm 25 kwa studi za milimita 8. Sili za kipozeo cha oili nazo zichaguliwe kwa kipenyo cha matundu, kwani yapo ya milimita 8 na ya milimita 10.

Hatua ya 6: Kuwasha

Rekebisha valvu kwa milimita 0.15 injini ikiwa baridi, na hakikisha waya za plagi zinafuata mpangilio wa 1-4-3-2. Jaza lita 2.5 za oili, ondoa plagi, kisha zungusha injini kwa stata hadi taa ya oili izimike. Ndipo urudishe plagi na kuwasha, ukiishikilia karibu mizunguko 2,000 kwa dakika kwa muda wa dakika 20, ili nundu na tapeti mpya zizoeane. Zima, mwaga oili yote ikiwa bado moto, ichunguze kama ina chembe za chuma, na injini ikipoa kabisa pima valvu tena kabla gari halijatoka.