Mambo ya Kuweka Sawa Kabla Dirisha la Udahili Halijafunguliwa

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka Julai, ndipo watu huanza kupekua makabati kutafuta cheti cha kuzaliwa. Hapo umeshachelewa. Kujaza fomu ya chuo ni kazi ya nusu saa tu. Kinachokula wiki nzima ni karatasi ambazo zingetakiwa kuwa mkononi kabla hujakaa mbele ya kompyuta. Tangu 2017 mwombaji wa chuo kikuu Tanzania hutuma maombi moja kwa moja chuoni, si kupitia mfumo mmoja wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kama ilivyokuwa zamani. Kwa hiyo kila chuo utakachoomba kina akaunti yake, ada yake ya maombi (kwa kawaida shilingi 10,000) na nywila yake ya kusahau.

Majina kwanza. Jina linalotambulika ni lile lililoko NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Kama NECTA wameandika Mohamed na cheti cha kuzaliwa kinasema Mohammedi, au jina la kati limeachwa, shughulikia sasa. Hati ya kubadili jina huandaliwa na wakili kisha ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati, na hiyo si kazi ya kuanza siku mbili kabla dirisha halijafungwa.

Cheti cha kuzaliwa, kwa anayeomba mkopo, hakitoshi kuwepo tu; lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa njia ya mtandao. Waliozaliwa Zanzibar huhakiki kwa ZCSRA, wakala wa usajili wa huko. Mzazi amefariki? Cheti chake cha kifo nacho kinahakikiwa. Skani cheti kikiwa kimelala bapa, pembe zote nne zionekane, mhuri usomeke. Picha ya simu iliyopigwa juu ya kitanda, maua ya shuka yakichungulia pembeni, itarudishwa, na kurudishwa ni siku nyingine zimekwenda.

Sasa alama. Kima cha chini kwa aliyemaliza kidato cha sita kuanzia 2016 ni ufaulu wa masomo mawili kwa kiwango cha A hadi E, jumla isipungue pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zinatosha. C na E zinatosha. D na E hazitoshi, hata ukiwa na S (daraja lililo chini ya E) mfukoni. Lakini wengi hukwama mahali pengine: pointi zinazohesabiwa ni za masomo yanayotakiwa na programu husika, si masomo yako mawili bora. Mtu wa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) mwenye B ya Jiografia, D ya Biolojia na E ya Kemia anajiona ana 6. Akiomba programu inayodai Kemia na Biolojia, ana 3, na maombi yanaanguka bila mjadala. General Studies usiihesabu kabisa. Na kama hukusoma hesabu za juu, soma kwa makini mstari wa mwisho wa sifa za programu za uchumi, biashara na kompyuta, maana mara nyingi ndipo wanapodai ufaulu wa BAM (Basic Applied Mathematics, ile hisabati nyepesi ya kidato cha sita) au daraja fulani la Hisabati ya kidato cha nne. Haya yote yamo kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, ambao una toleo la kidato cha sita na toleo la wenye diploma. Pakua la kwako, la mwaka huu.

Kufikisha kima cha chini si kuchaguliwa. Programu yenye nafasi 50 ikiombwa na mamia, wanachukuliwa wenye alama za juu. Kwa hiyo usipange machaguo yako yote kwenye udaktari na sheria. Weka moja unayoitamani, moja inayolingana na alama zako, na nyingine ambayo ukipangiwa utaisoma kweli.

Wenye diploma mnatakiwa kuwa na GPA (wastani wa alama za diploma) isiyopungua 3.0, ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne bila kuhesabu ya dini, na AVN, yaani namba ya kuhakiki diploma yako, kutoka NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. AVN haitoki kama chuo chako hakijapeleka matokeo. Mfuate msajili wa chuo mapema, na ukiambiwa "yameshatumwa" ingia mwenyewe uangalie. Wenye vyeti vya Kenya, Uganda au Cambridge mnahitaji ulinganifu wa NECTA, yaani alama zenu zilinganishwe na za Tanzania. Omba hata kabla hujaamua chuo.

Tuje kwenye simu, ambako kila mwaka watu wanalia.

Chukua kijana aliyemaliza mtihani Mei na kuitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa). Dirisha linafunguliwa yuko kambini, simu yake iko nyumbani imezimwa. Kaka yake anakwenda steshenari. Pale kuna foleni ya watu kumi, na mwenye steshenari, ili mambo yaende haraka, anafungua akaunti kwa laini yake mwenyewe, anabuni barua pepe papo hapo na nywila ni jina la kijana na 123. Wanalipa, wanachapa karatasi, kaka anarudi nyumbani kifua mbele. Wiki kadhaa baadaye kijana anachaguliwa vyuo viwili. Furaha, pilau. Ila aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatakiwa athibitishe kimoja kwa namba maalumu ya siri, na namba hiyo hutumwa kwa simu au barua pepe iliyotumika kuombea. Imeingia kwenye simu ya steshenari, katikati ya matangazo ya vifurushi na jumbe za wateja wengine. Barua pepe hakuna anayeikumbuka. Ipo njia ya kuomba namba itumwe upya: unaingia kwenye akaunti yako ya chuo unachokitaka na kuiomba. Nywila ikipatikana, namba inatumwa tena, kwenye simu ileile. Mwenye steshenari kasafiri. Muda wa kuthibitisha unahesabiwa kwa siku, na ukipita nafasi zinakwenda kwa wengine. Kijana anarudi kugombea programu zilizobaki wazi kwenye awamu inayofuata.

Kwa hiyo: laini iwe yako, imesajiliwa kwa jina lako. Kama huna bado kitambulisho cha NIDA, tumia ya mzazi anayesoma ujumbe, si ya mjomba dereva wa masafa. Iweke hewani, laini iliyolala muda mrefu hufungwa. Barua pepe ifungue mwenyewe. Unakwenda kambini? Muachie mtu mmoja, mmoja tu, karatasi uliyoandika kwa mkono: namba za mtihani za kidato cha nne na cha sita, barua pepe na nywila yake, programu kwa mpangilio unaoutaka. Na laini yenyewe, ikiwa kwenye simu inayochajiwa. Ukienda steshenari, kaa kando ya mchapaji, tazama kwa macho yako kisanduku cha simu na cha barua pepe, usiinuke mpaka ujumbe wa kufunguliwa akaunti uingie kwenye simu yako.

Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) una ada ya maombi ya 30,000 na mkondo wake mwenyewe, ila umefungwa kwenye udahili kwa uzi mmoja: namba ya kidato cha nne. Aliyefanya mtihani huo zaidi ya mara moja atumie namba ileile kote kuwili. Ukitumia ya 2019 chuoni na ya 2020 kwenye mkopo, mifumo itaona watu wawili. Fomu ikishachapwa inahitaji sahihi yako, ya mdhamini, ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji na ya wakili au hakimu, kila mmoja na mhuri wake panapotakiwa. Mwenyekiti si mtu wa kukaa ofisini. Ulizia siku zake.

Malipo ya serikali hupitia namba ya malipo inayoanza na 99, na kila moja ni ya ankara yake. Usilipie ya rafiki ukidhani ni moja. Hifadhi ujumbe wa muamala. Usisubiri siku ya mwisho, mtandao huelemewa na umeme hukatika. Anayekuambia ana mtu chuoni wa "kukusogezea" jina, mkatie simu. Anayekuuzia nafasi ya chuo cha nje, muulize kwanza kama chuo hicho kinatambulika TCU. Namba yako ya kuthibitisha usimtajie mtu, hata akijitambulisha kuwa anapiga kutoka chuoni. Na nakala za vyeti vyote, weka seti moja nje ya simu.