Namna ya Kumchunguza Mtoto Mchanga Magonjwa ya Kurithi ya Umetaboli kwa Damu ya Kisigino

Mtoto aliyezaliwa na fenilketonuria, mojawapo ya magonjwa ya kurithi ya umetaboli (jinsi mwili unavyovunja na kutumia chakula), hulia, hunyonya na kulala kama watoto wengine wote. Alipokuwa tumboni, mwili wa mama ulimsaidia kuondoa kile ambacho mwili wake mwenyewe hauwezi kukivunja, lakini tangu anapoanza kunyonya, asidi amino iitwayo fenilalanini huanza kujikusanya katika damu yake kwa sababu kimeng'enya cha kuichakata kina kasoro. Ubongo huathirika kimyakimya, na mzazi anapogundua baada ya miezi kadhaa kwamba mtoto hakai wala hatamki, sehemu kubwa ya madhara huwa haiwezi tena kurekebishwa. Mtoto huyohuyo akitambuliwa na kuanzishiwa lishe maalumu katika siku zake za mwanzo, hukua na akili timamu. Tofauti kati ya maisha hayo mawili ni matone machache ya damu, na mwongozo huu unahusu jinsi ya kuyachukua vizuri, kwa wakati wake, na kuhakikisha kwamba majibu yanamfikia mtu atakayeyafanyia kazi.

Daktari Asbjørn Følling wa Norwei aliueleza ugonjwa huo mwaka 1934, na katika miaka ya 1950 Horst Bickel na wenzake walionyesha kwamba lishe yenye fenilalanini kidogo inasaidia. Kilichokosekana kilikuwa njia ya kuwapata watoto kabla hawajaugua. Njia hiyo ilitolewa na Robert Guthrie wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, alipothibitisha kwamba damu iliyokaushwa kwenye karatasi ya kichujio inatosha kwa kipimo na inaweza kutumwa maabara kwa posta. Karatasi hiyo ndiyo inayotumika hadi leo, ingawa mashine za maabara zimebadilika kabisa: spektrometa za tungamo, yaani mashine zinazotambua kemikali kwa uzito wa chembe zake, hupima asidi amino na viashiria vya mafuta vya magonjwa mengi kwa pamoja, kutoka katika kipande kidogo cha karatasi chenye upana wa takribani milimita 3.

Kuhusu wakati, programu nyingi huchukua damu kati ya saa 24 na 72 baada ya kuzaliwa, na Uingereza huichukua siku ya 5. Ukichukua kabla ya saa 24, fenilalanini inaweza kuwa haijapanda vya kutosha na mtoto mgonjwa akaonekana mzima. Ukichelewa, mtoto mwenye galaktosemia (mwili kushindwa kuchakata galaktosi, sukari itokanayo na maziwa) au mwenye ugonjwa wa mkojo wenye harufu ya sukari iliyoungua anaweza kuzidiwa kabla kadi yenye karatasi hiyo haijafika maabara. Mama anayeruhusiwa kwenda nyumbani mapema asiondoke bila mtoto kuchukuliwa damu; ichukuliwe, iandikwe wazi kwamba ni ya mapema, na apewe tarehe ya kurudia. Mtoto anayehitaji kuongezewa damu achukuliwe sampuli kwanza, hata kama ana saa chache tu, kwa kuwa damu ya mtu mwingine huleta vimeng'enya vizima na kuuficha ugonjwa. Watoto njiti nao huhitaji sampuli ya kurudia kulingana na utaratibu wa programu husika.

Kabla ya kugusa lanseti, kile kisu kidogo cha kuchomea ngozi, zungumza na wazazi. Waeleze kwamba mtoto wao haonyeshi dalili yoyote na kwamba kipimo kinatafuta magonjwa adimu yanayotibika vizuri yakiwahiwa. Kisha jaza kadi yote: jina la mama, tarehe na saa ya kuzaliwa, saa ya kuchukua damu, uzito, umri wa mimba, aina ya maziwa anayopewa, kama ameongezewa damu, na kama analishwa kwa mshipa, kwa sababu dripu yenye asidi amino hupandisha viwango na kuleta majibu yasiyo ya kweli. Andika namba za simu za watu wawili. Nasisitiza hilo kwa sababu simu ya mama aliyetoka kujifungua mara nyingi huwa imezimwa, na jibu la hatari lisilo na mtu wa kulipokea ni sawa na kipimo ambacho hakikufanyika.

Sasa kisigino. Mwombe mama amnyonyeshe mtoto wakati wa kuchomwa, kwani kunyonya hupunguza maumivu waziwazi, na mguu ukae chini kuliko kifua. Upashe kisigino joto kwa kitambaa laini kilicholowekwa katika maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 42 za Selsiasi, kwa dakika 3 hadi 5. Vaa glavu, safisha kwa spiriti ya asilimia 70, kisha subiri ngozi ikauke yenyewe, maana spiriti iliyobaki huharibu sampuli na humuuma mtoto. Mahali pa kuchoma ni pembeni mwa unyayo wa kisigino, upande wa ndani au wa nje. Kamwe usichome katikati wala kwenye mviringo wa nyuma, ambako mfupa uko karibu na ngozi. Kwa mtoto aliyezaliwa miezi ya mimba ikiwa imetimia, kina kisizidi milimita 2, na lanseti inayojirudisha yenyewe ni salama kuliko ya kushika mkononi.

Tone la kwanza lifute kwa gozi safi, kwa kuwa limechanganyika na majimaji ya ngozi. Shika kisigino kwa upole, bana kidogo, achia, na usubiri. Tone la pili hukua polepole mpaka likaning'inia zito na la mviringo. Hapo ndipo uligusishe katikati ya duara la kadi, bila karatasi kugusa ngozi, na uiache karatasi ivute yenyewe mpaka duara lijae. Geuza kadi uangalie nyuma: damu iwe imepenya na kuonekana sawa pande zote mbili. Tone moja kubwa kwa duara moja, upande mmoja tu wa kadi. Usiongeze tone juu ya tone lililoanza kukauka, na usikamue kisigino kama anayekamua maziwa, maana majimaji ya tishu huizimua damu na chembe zake hupasuka. Damu ikikoma, chukua lanseti mpya na uchome sehemu nyingine. Najua inauma moyo kumchoma mtoto mara ya pili, lakini ni afadhali sasa kuliko kumwita mama arudi na mtoto baada ya wiki kwa sababu kadi imekataliwa.

Laza kadi bapa, madoa yasiguse kitu, kwa angalau saa 3 katika joto la kawaida la chumba. Doa jekundu la kung'aa litageuka kuwa la rangi ya kahawia iliyokolea. Likiwa bado jekundu halijakauka. Usianike juani, usitumie mashine ya kukausha nywele, na usipange kadi mbichi moja juu ya nyingine. Kadi zikikauka, zitumwe ndani ya saa 24. Niliwahi kufungua droo ya wodi moja nikakuta kadi sita zilizochukuliwa kwa ustadi mkubwa, zikisubiri zifike kumi ili zitumwe pamoja. Ya zamani zaidi ilikuwa na siku tisa. Kila aliyezichukua alikuwa amefanya kazi yake vizuri, ila hakuna aliyekuwa amekabidhiwa kazi ya kuzituma. Teua mtu mmoja kwa kila zamu, na uweke daftari linaloonyesha saa kadi ilipotoka na siku jibu liliporudi. Joto na unyevu pia huua vimeng'enya vinavyopimwa kwa galaktosemia na upungufu wa biotinidasi (kimeng'enya kinachousaidia mwili kutumia vitamini ya biotini), hivyo kadi iliyokaa vibaya inaweza kumfanya mtoto mzima aonekane mgonjwa.

Jibu lenye shaka haliuthibitishi ugonjwa. Linadai kipimo cha uhakika, kama vile asidi amino za plazima (majimaji ya damu), asidi za kikaboni za mkojo au kipimo cha jeni, na hivyo ndivyo wazazi waelezwe, siku hiyohiyo, kwa sauti tulivu. Swali la kwanza kwenye simu liwe: mtoto ananyonyaje sasa hivi? Akiwa mlegevu, anatapika, amekataa kunyonya au ana degedege, aletwe hospitali papo hapo. Ikishukiwa galaktosemia, maziwa ya mama na maziwa yoyote yenye laktosi (sukari ya maziwa) husimamishwa mara moja, na mtoto hupewa maziwa ya soya yasiyo na laktosi. Ikishukiwa upungufu wa kimeng'enya kiitwacho MCAD, unaozuia mwili kutumia mafuta kama nishati, mtoto asikae na njaa muda mrefu, aamshwe anyonye. Kwa fenilketonuria, mama asijiachishe kunyonyesha kwa hofu. Wataalamu wa lishe mara nyingi huendelea na maziwa yake kwa kiasi kinachopimwa, pamoja na maziwa maalumu.

Wazazi wengi watauliza nani kati yao ameleta ugonjwa. Waambie ukweli: kwa mengi ya magonjwa haya kila mmoja hubeba nakala moja ya jeni yenye kasoro bila kujua, hakuna aliyekosea, na kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuugua. Mimba inayofuata ikija, timu iarifiwe kabla ya kujifungua, na mtoto huyo asisubiri kadi ya kawaida. Apimwe mapema kwa vipimo vya uhakika.

Na kadi iliyorudi salama isikuzuie kufikiri. Mtoto mchanga anayelegea ghafla bila sababu iliyo wazi apimwe sukari, amonia na asidi ya damu hata kama jibu lake liko kwenye faili, kwa kuwa yapo magonjwa ya umetaboli ambayo kadi haiyatafuti kabisa.