Usiitupe hiyo skana ya zamani

Wenzangu wa stationari huku Kigoma, skana ya USB iliyogoma kwenye kompyuta mpya mara nyingi bado inafaa kwenye Linux, mfumo endeshi wa bure unaotumika badala ya Windows. Pale Mwanga nina skana ya Canon, CanoScan LiDE 20, naskania vyeti vya watu kila siku.

Kwenye Debian au Ubuntu (aina za Linux) sakinisha programu za sane-utils na simple-scan, chomeka skana, kisha fungua terminal (dirisha la kuandikia amri) uandike scanimage -L, amri inayoorodhesha skana zilizoonekana. Ikitajwa, fungua simple-scan uanze kazi. Isipotajwa, rudia kwa sudo scanimage -L (sudo huendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi). Hapa wengi hukata tamaa bure! Ikionekana kwa sudo tu, skana ni nzima, ila akaunti yako haina ruhusa. Andika sudo usermod -aG scanner na jina lako la kuingilia, toka kwenye akaunti, ingia tena.

Isipoonekana hata kwenye lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB vilivyochomekwa, shuku waya. LiDE hupata umeme kupitia waya huohuo wa USB, kwa hiyo ichomeke kwenye kompyuta yenyewe, si kwenye kigawanyio cha USB. Ikionekana lakini taa haisogei, igeuze: chini kuna kifungio, na kikiwa kimefungwa haitembei.